Kuongeza baruti hakuponyi gobore inayotawanya risasi
Wapigaji wengi wa gobore zenye mifereji mtutuni (ile inayoizungusha risasi ikitoka), hasa Marekani ambako bado huwindia kulungu, huamini risasi zikitawanyika dawa ni kuongeza baruti. Sivyo. Mara nyingi mkosaji ni kile kitambaa kinachoizunguka risasi ya mviringo.

Okota vitambaa vilivyodondoka mbele ya mtutu. Kilicho kizima, kingo zimechakaa kidogo tu, kinafaa. Chenye tundu au kilichoungua kimepitisha gesi ya moto, na risasi haikushika mifereji vizuri. Tafuta pamba nene iliyofumwa kwa kubana, uipake mafuta. Kwa mtutu wa inchi 0.50, anza na risasi ya kipenyo cha inchi 0.490 na kitambaa cha unene wa inchi 0.015.

Halafu masizi, jambo linalodharauliwa mno: kila baada ya mlio, pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Tia alama kwenye fimbo ya kushindilia, ikuonyeshe risasi imefika chini. Risasi lazima ikalie baruti, kwani pakibaki nafasi mtutu unaweza kupasuka.

Sasa ndipo ugeukie baruti: anza na greni 50 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama gramu 0.065), ukipanda greni 5 kila baada ya risasi tatu, bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji.