Umepatikana na homa ya ini B na huhisi chochote: maelezo ya daktari wa ini

Vijana wengi wa Mombasa hawajui kama wana virusi vya homa ya ini mpaka wapimwe afya ili waende kufanya kazi Uarabuni. Nchi za Ghuba hutaka kila anayeomba viza ya kazi apimwe homa ya ini aina ya B na C, na akipatikana navyo huandikiwa kwamba hafai. Wakala hutafuta mtu mwingine, na yule kijana hurudi zake Likoni au Kisauni na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza maana yake. Wengine hujua walipojitolea damu. Wakifika kwangu, swali la kwanza ni lini wataweza kusafiri. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: nimesoma kwamba hii huleta kansa, ni kweli?

Ni kweli. Naandika hapa jinsi sayansi ilivyokuja kulijua hilo, kwa sababu nimeona kwamba mtu akielewa ushahidi, hukubali kufuatiliwa miaka na miaka hata kama hana maumivu yoyote. Na maumivu hatakuwa nayo. Ini kwa ndani halihisi uchungu. Uchungu huja pale linapofura likavuta utando wake wa nje, na kwa mwenye saratani hapo huwa mambo yameshakwenda mbali.

Kwanza lazima niseme jambo moja kuhusu aibu. Hapa kwetu, ukisema mtu ana ugonjwa wa ini, watu husikia pombe. Nimewaona wazee wa msikitini, watu ambao hawajawahi kuionja maishani mwao, wakificha majibu hata kwa wake zao kwa kuogopa kudhaniwa walevi au wazinzi. Kirusi cha B hupita kwenye damu na majimaji ya mwili. Ngono ni njia mojawapo. Wembe wa kinyozi usiobadilishwa ni nyingine, na hijama inayofanywa kwa kisu kilekile kwa watu wawili ni nyingine. Lakini katika Afrika wengi wa wanaoishi nacho walikipata utotoni, ama kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, ama kwa watoto wenzao ndani ya nyumba kupitia vidonda na mikwaruzo. Umri ndio unaoamua mengi. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yote ni kama asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa leo, ni chini ya asilimia 5. Mwili wake hukifukuza wenyewe. Kwa hiyo kijana wa miaka 28 anayeambiwa ana homa ya ini B sugu, yaelekea anayo tangu kabla hajajua kutembea. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto wa Kenya mwishoni mwa 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi wao hawakuipata.

Sasa ushahidi. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake, Wamarekani, walitangaza protini waliyoikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikabainika kuwa ni ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B, na Blumberg akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Protini hiyohiyo ndiyo inayotafutwa na kile kikaratasi cha maabara kinachotoa mistari miwili.

Kwamba kirusi hicho kinahusiana na saratani ya ini ilikuwa bado ni dhana. Ilionekana kwamba wenye saratani wengi wana kirusi, lakini nani angejua kipi kilitangulia? Mtafiti Mmarekani, Palmer Beasley, ndiye aliyekata shauri kungoja. Huko Taiwan aliwasajili wanaume 22,707, watumishi wa serikali, akapima damu zao wakiwa wazima, kisha akawafuatilia. Alipochapisha matokeo mwaka 1981, wanaume 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini. Arobaini kati yao walikuwa wale waliokuwa na kirusi tangu mwanzo, ingawa wenye kirusi walikuwa 3,454 tu. Hatari yao ilikuwa zaidi ya mara 200 ya wenzao. Ni nadra sana katika utafiti wa saratani kukutana na tofauti kubwa kiasi hicho. Hata uvutaji sigara na saratani ya mapafu hauifikii.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kirusi kikiingia kwenye seli ya ini, huweka nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli, na nakala hiyo hakuna dawa ya leo inayoifuta kwa uhakika. Ndiyo maana tunasema dawa hutuliza virusi, hazivimalizi. Zaidi ya hapo, vipande vya vinasaba vyake hujipenyeza katikati ya vinasaba vyetu sisi wenyewe. Vingi huangukia mahali pasipo na madhara. Kimoja kikiangukia karibu na jeni inayoongoza ukuaji, seli hiyo huanza kugawanyika bila kizuizi. Wakati huohuo kinga ya mwili hushambulia seli zenye virusi, ini likaumia, likapona, likaumia tena kwa miaka ishirini au thelathini. Kila seli mpya ni nafasi nyingine ya kosa kuingia. Homa ya ini C kwa kawaida huleta saratani baada ya ini kujaa makovu na kukakamaa. B haingoji: inaweza kuleta saratani katika ini ambalo bado ni laini. Kwa hiyo mtu asijifariji kwamba ini lake halina makovu.

Juu ya hayo, kwetu kuna ukungu wa chakula. Kuvu wa jamii ya Aspergillus huota kwenye mahindi na njugu zisizokauka vizuri, na joto la Pwani pamoja na unyevu wake ndiyo hali wanayoipenda. Sumu yao ni aflatoksini. Wakenya tunaikumbuka kwa msiba wa 2004 Ukambani, Makueni na Kitui hasa, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa. Lakini dozi ndogondogo za kila siku zina kazi nyingine. Mapema kabisa, mwaka 1973, watafiti Peers na Linsell walichapisha utafiti kutoka Murang'a: walipima vyakula vya watu, wakaona kwamba sehemu za chini zenye joto zilikuwa na sumu zaidi na saratani ya ini zaidi kuliko za juu zenye baridi. Kisha Shanghai, China, kati ya wanaume 18,244, watafiti walipima vyote viwili. Aliyekula sumu bila kirusi alikuwa na hatari kama mara 3. Mwenye kirusi bila sumu, kama mara 7. Mwenye vyote, karibu mara 60. Ukiwa na homa ya ini B, basi, ule ukungu kwenye gunia la mahindi unakuhusu wewe kuliko jirani yako. Kupika ugali hakuiondoi sumu. Chagua kabla ya kusaga: punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala kuku wasipewe. Njugu chungu mdomoni iteme.

Nini hufuata baada ya kipimo? Tunapima wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini (protini zinazovuja kwenye damu ini likiumia) na kiasi cha makovu. Si kila mtu anapewa dawa, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umepanua mlango, na sasa kuwa na ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini ni sababu mojawapo ya kuanza. Dawa yenyewe, tenofoviri, ni kidonge kimoja kwa siku. Tafadhali usiiache mwenyewe kwa sababu umekutana na mitishamba: virusi vikirudi kwa ghafla vinaweza kuliangusha ini kwa wiki chache.

Walio katika hatari, tunawapiga picha ya ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu uvimbe wa saratani ya ini kwa wastani huongezeka maradufu ndani ya miezi minne hadi sita. Ukikutwa mdogo, unakatwa au unachomwa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha wagonjwa wa Misri, ambako ufuatiliaji una mizizi, na wa nchi nyingine kadhaa za Afrika. Nusu ya Wamisri waliishi zaidi ya miezi 10 tangu kugunduliwa. Kwingineko, nusu walikufa ndani ya miezi miwili na nusu. Huko kwingineko, nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 46 au chini ya hapo. Hao ni baba na mama wenye watoto shuleni, na mimi sikubali kuiita hiyo ajali isiyozuilika.

Homa ya ini C haina chanjo lakini inatibika kabisa: vidonge vya wiki 8 au 12, na zaidi ya asilimia 95 hupona. Hapa mjini inawahusu sana vijana wanaojidunga heroini kwa sindano za kushirikiana, na kupona kwao ni haki kama kwa mtu mwingine yeyote.

Mama mjamzito naomba asisubiri. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga Julai 1984, na kufikia miaka ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Ratiba yetu ya pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano ikiwemo homa ya ini B, huanza wiki ya sita. Kwa mtoto wa mama mwenye kirusi, wiki sita ni kuchelewa. Dozi ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa chanjo ya homa ya ini B peke yake, na mama mwenye virusi vingi hupewa tenofoviri tangu akiwa na mimba. Kwa hiyo pima kliniki ya wajawazito, ulizia chanjo hiyo kabla ya siku ya kujifungua ili iwe tayari, na mtoto akishachanjwa mnyonyeshe bila wasiwasi.