Dhana Potofu Kuhusu Sala Inayochelewa Kujibiwa

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilisikia tena maneno ambayo katika miaka yangu ya ukatekista hapa Bagamoyo nimeyasikia karibu sawa na Salamu Maria: "Mwalimu, nimesali miaka minane sijajibiwa, bila shaka imani yangu ni haba." Aliyeyasema ni mama mmoja mkaanga samaki, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akimwomba Mungu mtoto. Alikuja na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na ndani yake alikuwa ameorodhesha kwa namba kila dhambi anayoikumbuka tangu utotoni, ili tusaidiane kuitafuta ile inayoziba njia ya sala zake. Namba ya 4 ilikuwa sarafu aliyoichukua kwenye kikapu cha bibi yake kabla hajaanza darasa la kwanza. Namba ya 31 ilikuwa imekatwa, kisha ikaandikwa upya chini yake kwa kalamu nyekundu. Nilikasirika, wala sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia yule aliyemwambia, katika mkutano wa maombezi, kwamba mbingu zimefungwa juu yake mpaka atambue alipokosea na atoe sadaka ya kufungulia.

Dhana hii, kwamba jibu likikawia basi mwombaji ana upungufu wa imani au dhambi iliyofichika, ndiyo inayonichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu inamkuta mtu ambaye tayari ameumia na kumtwisha juu yake hatia ya kujiumiza mwenyewe. Tena ni dhana yenye ujanja: jibu likija, imani ilitosha, lisipokuja, imani ilipungua, na mhubiri haonekani kukosea hata siku moja. Anayetaka kuipima kwa Maandiko na aanze na Injili ya Luka, sura ya kwanza, ambapo tunaambiwa kwamba Zakaria na Elisabeti walikuwa wenye haki mbele za Mungu, wakizishika amri zake zote bila lawama, na aya inayofuata mara moja inasema kwamba hawakuwa na mtoto na wote wawili walikuwa wazee. Luka hakuziweka aya hizo mbili jirani kwa bahati mbaya. Isaka alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40, akamwombea kwa kuwa alikuwa tasa, na mapacha walizaliwa yeye akiwa na miaka 60. Mwanamke aitwaye Hana, naye akiomba mtoto, alipanda kwenda Shilo mwaka baada ya mwaka akirudi na machozi yale yale, na kuhani Eli alipomwona akisali akitikisa midomo tu alimdhania amelewa, jambo ambalo sisi tunaohudumu kanisani ingefaa tulikumbuke kabla ya kuwapima watu imani.

Kisha kuna wale ambao hawakupewa kabisa walichokiomba. Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na mwiba ukabaki. Yesu mwenyewe aliomba katika bustani ya Gethsemane kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Anayefundisha kwamba sala isiyopata kitu ni sala isiyo na imani ana wajibu wa kutueleza ni nini kilichompungukia Yesu usiku ule.

Watetezi wa dhana hii hunitajia ile imani kiasi cha punje ya haradali, kana kwamba Yesu alikuwa akitoa kipimo cha chini ambacho waumini wengi wanashindwa kukifikia, ilhali uzito wa maneno yake uko katika udogo wa punje yenyewe: imani ndogo kiasi hicho yatosha, kwa sababu kazi ni ya Mungu. Ni kweli kwamba Maandiko yanasema pia juu ya dhambi inayozuia sala. Zaburi ya 66 inamtaja mtu anayeushikilia uovu moyoni, na Yakobo anawakemea wanaoomba ili watumie kwa tamaa zao. Lakini hao ni watu wanaong'ang'ania ubaya wanaoujua. Dhambi iliyoungamwa kwenye kitubio imekwisha, na sarafu ya bibi haiwezi kuvizia njiani kwa miaka thelathini.

Sisi wa Bagamoyo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa jibu ambalo mwombaji hakulishuhudia. Mnamo Februari 1874 mwili wa David Livingstone, yule mmisionari Mskoti, ukiwa umechukuliwa kutoka bara na wahudumu wake, akina Chuma na Susi, uliwekwa katika kanisa la misheni hapa, mahali ambapo mnara wake bado unasimama. Mtu huyo alikuwa amepiga kelele kwa miaka mingi dhidi ya biashara ya watumwa, na wenzake walimkuta amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, mapema Mei 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Ni wiki tano tu. Hata hivyo jibu lenyewe halikuja lote kwa pamoja, kwa maana sheria ya kuukomesha utumwa ilipatikana Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Je, tuseme aliyekufa amepiga magoti alikuwa na imani haba kwa sababu hakuisikia habari hiyo?

Dhana nyingine sitazipa nafasi kubwa. Wapo wanaosema kwamba ukiomba jambo mara moja inatosha, na kurudia ni dalili ya kutoamini. Hao wasome Mathayo 26, ambapo Yesu alisali mara ya tatu kwa maneno yale yale. Wapo wa upande wa pili, wanaohesabu siku, na hasa siku 21 ambazo nabii Danieli alifunga akiomboleza, wakisahau kwamba Danieli hakupanga siku hizo kama dozi, na kwamba malaika alimwambia maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Hata novena zetu, yaani sala za siku tisa, zimetokana na zile siku ambazo mitume walidumu katika kusali kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste; hakuna aliyewaambia wakifikisha ya tisa wadai malipo. Wapo pia wanaousoma mfano wa mjane na kadhi dhalimu wakidhani Mungu ndiye yule kadhi, anayepaswa kusumbuliwa mpaka achoke, ilhali mfano unatofautisha: ikiwa hata mtu asiyemcha Mungu wala kujali watu alitoa haki mwishoni, si zaidi sana Baba?

Moja inanipa shida kuliko hizo, nayo ni ile inayosema kungojea maana yake ni kukaa. Nimeacha kuwa mpole kwa waume wanaofunga na kukesha wakiomba mtoto, lakini wakiambiwa waende hospitali pamoja na wake zao wanasema tatizo haliwezi kuwa kwao. Linaweza kuwa kwao. Kupimwa hakumfukuzi Mungu, na mke hapaswi kupanda dispensari peke yake miaka minane.

Na kama mtu amechoka, asiambiwe anyamaze eti kulalamika ni kukufuru. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, lakini zote mbili ni sala na Kanisa linaziimba. Dawa yangu, ambayo wanajumuiya wanaitania, ni kuisoma ile ya 13 kwa sauti, asubuhi, ukiwa umesimama, kabla ya shughuli yoyote, kwa kuwa ina aya sita tu na aliyechoka haombi marefu. Ninawaomba pia wanajumuiya waache kumuuliza mwenzao kila Jumamosi "vipi, bado?"

Yule mama nilimwandikia namba ya Zaburi hiyo juu ya jalada la daftari, nikamwomba anipe kurasa za orodha. Alizichana mwenyewe, akazikunja, akanikabidhi. Juzi nilipopita kununua vibua nilimkuta akiandika madeni ya wateja kwenye zile zilizobaki, na mume wake, aliyekuwa akipasua kuni pembeni, akaniuliza hospitali ya wilaya hupima siku gani.