Nyanya Anasahau: Ni Uzee, Uchawi au Ugonjwa?

Familia moja yaniuliza: Nyanya yetu huuliza jambo moja mara tano kabla chai haijapoa. Si ndio uzee huo?

Uzee humfanya mtu awe mzito wa kukumbuka. Jina la jirani linampotea asubuhi, jioni linarudi lenyewe. Hilo lisiwatie hofu. La kutia hofu ni aliyepika mahamri kwa miaka 40 kusahau hamira na iliki, au mtu kutoka sokoni Malindi asiijue njia ya nyumba aliyokaa tangu aolewe. Hapo huenda pana demensia, yaani seli za ubongo zinaharibika na kufa. Aina inayoongoza ni Alzheimer, yenye asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya kichwani kuziba, na hiyo hufuatana sana na kiharusi.

Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema mchawi ni yeye.

Swali hili nalijibu kwa uchungu, kwa sababu katika kaunti hii yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Tazameni wanachoshutumiwa: anatembea usiku, anaingia boma la watu, anaongea peke yake, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu. Hizo zote ni dalili za ugonjwa. Wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapotua, kwa kuwa ubongo umepoteza hesabu ya usiku na mchana.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona kwa hadubini katika ubongo wa mwanamke aliyekufa baada ya kupoteza kumbukumbu: mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua mabonge hayo ni protini iitwayo amiloidi na nyuzi ni protini ya tau. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla ya mtu kusahau chochote. Mnayemtafuta kwa mganga basi alianza kazi yake nyanya akiwa bado anawabeba mgongoni.

Tumesikia kuna dawa mpya.

Ipo. Lecanemab iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Katika utafiti wa miezi 18, waliotumia hali yao iliendelea kudhoofika, ila kwa kasi pungufu kwa asilimia 27. Kilichopotea haikirudishi. Mwanzoni hutiwa kwa mshipa kila wiki mbili, na mgonjwa lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara, maana unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwa maoni yangu, familia ya Malindi isiuze shamba kuitafuta. Na chupa za “dawa ya akili” zinazouzwa mitaani msizinunue kabisa.

Sisi watoto wake tujikinge vipi?

Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi mnayajua: presha, sukari, sigara, upweke. Anzeni na presha tangu umri wa makamo, na achari ya chumvi ipungue mezani.

Yanayosahauliwa ni masikio na macho. Mtu asiyesikia hujitenga barazani, na ubongo usiopata mazungumzo hukosa kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 uliwapa wazee vifaa vya kusikia. Kwa waliokuwa katika hatari kubwa, kudhoofika kwa akili kulipungua kasi kwa asilimia 48 katika miaka mitatu. Kwa wazee wenye afya nzuri zaidi haukuona tofauti. Na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo tu.

Hospitali twende na nini?

Dawa zake zote, mfukoni, hata za mitishamba. Baadhi ya dawa huvuruga akili. Semeni pia lini ilianza: kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa siku mbili tatu, huenda ni maambukizi ya mkojo. Upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya thairoidi (iliyo shingoni) na huzuni nzito navyo hufanana na demensia, na vinatibika.

Anamuulizia babu, aliyefariki zamani. Tumwambie ukweli?

Msimwambie kila mara kwamba amekufa. Kwake ni msiba mpya kila akisikia. Muulizeni babu alipenda samaki gani. Atawaeleza.