Aota Iliyotuna na Mishipa ya Moyo Iliyoziba: Je, Tupasue Siku Moja?

Kila inapokaribia Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, familia nyingi hutuuliza: mgonjwa ana matatizo mawili, aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) iliyotuna na mishipa ya moyo iliyoziba, kwa nini msimalize yote siku moja, gharama iwe moja? Nia ni njema, lakini upasuaji haupangwi kwa kuangalia gharama.

Tunaangalia kwanza aota imetuna wapi. Ikiwa ni kifuani, pale inapochomoza kutoka kwenye moyo, tunafanya yote pamoja. Kifua kiko wazi, mgonjwa yuko kwenye mashine ya moyo na mapafu, na mshipa uliotolewa mguuni kwa ajili ya baipasi (njia mpya ya damu kuzunguka palipoziba) hushonwa kwenye aota hiyohiyo. Hatushoni kwenye ukuta uliochoka. Ndiyo maana aota yenye upana wa sm 4.5, ambayo ingekuwa peke yake tungeifuatilia tu, mara nyingi huibadilisha hapohapo.

Tumboni mambo ni tofauti. Hapo kwa kawaida tunapasua ikifika sm 5.5 kwa mwanamume, takriban 5 kwa mwanamke. Kubana aota ya tumbo wakati wa upasuaji huutwisha moyo mzigo wa ghafla, kwa hiyo mwenye maumivu ya kifua hata akiwa amepumzika hufanyiwa moyo kwanza, aota baadaye. Moyo ukiwa umetulia, baipasi ya tahadhari haina faida: utafiti wa CARP wa Marekani, uliochapishwa 2004 ukiwa na wagonjwa 510, haukuona walioanza na moyo wakiishi zaidi. Kuunganisha yote mawili tunawaachia wachache ambao moyo na aota vyote haviwezi kusubiri. Na kwa wengi siku hizi kipandikizi (bomba linalowekwa ndani ya aota) hupitishwa kinenani bila kufungua tumbo.

Tafadhali, uvimbe huu si jipu. Haukandwi, wala hakuna mizizi inayouyeyusha. Kutouma si dalili ya usalama, na ukianza kuuma ghafla tumboni au mgongoni, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kliniki leta barua ya rufaa, picha zenyewe za CT (si ripoti pekee), na dawa zote unazotumia. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji, kwa maelekezo ya daktari. Aspirini usiiache kwa uamuzi wako. Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe akiwa na fahamu timamu, si shemeji. Fomu isiposainiwa, upasuaji huahirishwa na nafasi hupewa anayefuata.