Kucheza na mtoto mdogo: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Dhana: Mtoto mchanga hajui mchezo, subiri kwanza akue.
Watoto wengi huanza kucheka kwa sauti wakiwa na miezi 3 au 4. Jifunike uso kwa kitambaa, nyamaza kidogo, kisha jifunue. Mwanzoni, kwa mtoto, kitu kisichoonekana ni kama hakipo. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza kwamba kuanzia kama miezi 8 hivi mtoto hukitafuta kitu kilichofichwa mbele yake, na hapo ndipo utamwona akikivuta kitambaa mwenyewe. Mtazame kabla hujajifunua: macho kayatoa, pumzi kaibana, vidole vya miguu kavikunja. Kisha anaangua kicheko. Mimi sijaona furaha safi kuliko ile.

Dhana: Bila midoli ya dukani hakuna mchezo.
Huko Rochester, Marekani, kuna jumba la makumbusho linaloenzi vifaa bora vya kuchezea. Mwaka 2005 liliingiza boksi la kawaida la karatasi ngumu kwenye orodha yake, na mwaka 2008 likaingiza kijiti. Aliyewahi kumletea mtoto zawadi akamkuta anachezea boksi lake hatashangaa.

Dhana: Akitaka mchezo uleule kila siku, hajifunzi kitu.
Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu alijificha nyuma ya pazia lilelile, miguu ikiwa nje, kila jioni. Nami nilizunguka chumba nikiuliza kwa sauti, "Yuko wapi jamani?" Pazia likawa linatikisika kwa kicheko. Siku moja nikachoka, nikaenda moja kwa moja hadi pazia na kulifungua. Alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Alichokuwa anakipenda ni kule kutafutwa: kujua nitasema nini, kungoja nikiseme, na kuona nimekisema kweli. Mtoto anaporudia mchezo anajenga uhakika kwamba mambo yana mpangilio na kwamba mtu wake hurudi. Kuhusu miguu ile, watoto wa umri huo mara nyingi huamini kwamba wasipokuona, nawe huwaoni.

Dhana: Mchezo lazima ufundishe.
Mtoto anasukuma gari lake la kufikirika, wewe unamuuliza, "Hii rangi gani? Yako mangapi?" Mchezo umegeuka mtihani. Keti chini, ngoja akupe kazi. Akisema wewe ni abiria, panda. Maneno, zamu, kuvumilia kushindwa, yote hayo yanaingia humo humo bila kulazimishwa.

Dhana: Mchezo ni anasa ya wenye nafasi.
Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unautaja kuwa haki. Wala hauhitaji saa maalumu: kuvaa viatu, kuoga na kukunja nguo vyote huchezeka.

Dhana: Simu inaweza kushika nafasi yako.
Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Simu haioni kwamba mtoto kabana pumzi nyuma ya pazia, anangoja aulizwe yuko wapi.