Tatuu Mpya Ni Kidonda: Maswali na Majibu Kuhusu Kuisafisha na Kuitunza

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda kwenye zahanati moja hapa Dar es Salaam. Wagonjwa wangu wengi ni wa ajali za bodaboda, wa kuungua, na wa vidonda vya kisukari. Miaka hii ya karibuni wanakuja pia vijana wenye tatuu mpya iliyovimba, na ninapowauliza waliitunzaje, ni wachache sana walioitelekeza. Wengi waliihangaikia mno: walipaka hiki, wakamwagia kile, wakafunga, wakafungua, wakabandua. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza wakiwa wamekaa pale kwenye benchi, na majibu ni yale ninayowapa.

Sista, tatuu nayo unaiita kidonda? Mbona hata damu haikutoka sana.

Ni kidonda, mdogo wangu, tena kidonda cha matundu mengi sana. Sindano ya mchoraji huingia kiasi cha milimita 1 hadi 2, ikapita ngozi ya juu na kuacha wino kwenye ngozi ya ndani. Ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe karibu kila mwezi, kwa hiyo wino ungebaki huko ungeshapukutika. Ukifika ndani, zile seli za kinga zinazomeza uchafu mwilini huumeza, zikashindwa kuumeng'enya, zikakaa nao. Mwaka 2018 watafiti nchini Ufaransa walionesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, nyingine hufika na kuudaka wino uleule. Ndiyo maana mchoro haufutiki miaka nenda rudi.

Kwa macho, tatuu ya kawaida hujifunga kwa wiki 2 hadi 3. Huko ndani ngozi huendelea kujijenga kwa miezi 2 au 3. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga, huchelewa zaidi, na alipaswa kuzungumza na daktari kabla ya kuchorwa.

Mchoraji amenizungushia nailoni. Niitoe lini?

Inategemea ni nailoni gani. Ikiwa ni ile ya kufungia vyakula, isizidi saa chache. Kwa joto letu hili jasho na damu hujaa chini yake, na hapo bakteria wanapata joto, maji na chakula kwa pamoja. Itoe ukifika nyumbani, osha, na usiirudishe.

Ikiwa ni plasta nyembamba ya kitabibu inayonata na kupitisha hewa, yaweza kukaa siku kadhaa kama ulivyoelekezwa. Lakini ikianza kuvujisha majimaji, au pembe zikinyanyuka vumbi likaingia, itoe siku hiyohiyo. Itolee chini ya maji ya uvuguvugu, polepole, ukiivuta sambamba na ngozi. Ukiinyanyua kwa nguvu kwenda juu unang'oa na ngozi changa.

Nioshe vipi hasa?

Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Anza na mikono yako. Kata kucha, nawa kwa sabuni mpaka kwenye vifundo vya mikono kwa sekunde 20 hivi. Kidonda kingi ninachokiona kimeharibika kiliharibiwa na vidole vya mwenyewe.

Halafu maji. Kama ya bomba lenu mnayaamini, tumia ya bomba. Kama ni ya kisima au ya tenki ambalo hujui lilisafishwa lini, yachemshe, yafunike, yapoe yawe vuguvugu. Kipimo changu ni hiki: maji usiyoweza kuyanywa usiyamwage kwenye tatuu mpya. Yamimine kwa kopo safi yapite juu ya mchoro. Usiuloweke mkono ndani ya beseni.

Sabuni iwe laini isiyo na manukato, na povu ulitengenezee kiganjani kwanza. Pitisha povu kwa ncha za vidole, kwa mzunguko mdogo, kama unavyomuosha mtoto mchanga utosi. Sabuni ya mche ya kufulia iache kwenye nguo. Dodoki, kitambaa na brashi visikaribie kabisa.

Siku ya kwanza na ya pili utasikia utelezi chini ya vidole, kama wa bamia. Ni majimaji ya mwili yaliyochanganyika na damu kidogo na wino uliozidi. Utelezi huo ndio unaotakiwa uondoke. Ukiachwa ukauke, unakuwa kigaga kinene, na kigaga kinene kikipasuka huondoka na rangi. Osha mpaka usikie ngozi imeacha kuteleza, kisha suuza povu lote.

Kausha kwa tishu safi ya karatasi, kwa kugusagusa, bila kusugua. Lile taulo linaloning'inia mlangoni mwa bafu, linalotumiwa na nyumba nzima, lina unyevu wa jana na juzi, liache hapohapo. Mwisho, iache tatuu ipigwe na hewa kama dakika 10 kabla hujapaka chochote.

Mara 2 kwa siku zinatosha, asubuhi na usiku. Anayeshinda kwenye vumbi, kwenye jiko la mgahawa au juu ya bodaboda, aongeze ya tatu akirudi. Kuosha kila saa kunaikausha ngozi mpaka ipasuke.

Nipake nini? Wengine wameniambia spiriti, wengine asali, wengine niifungue kapsuli nimwagie unga.

Paka kidogo, tena kitu kimoja tu. Mafuta laini yasiyo na manukato, au losheni ya maji isiyo na harufu, tone la ukubwa wa punje ya harage kwa mchoro wa ukubwa wa kiganja. Likishaenea, ngozi ing'ae kwa mbali tu. Ukiona mafuta yamekaa juu, yafute kwa tishu. Mafuta ya mgando siku za mwanzo yanafaa yakipakwa kiduchu. Yakipakwa kwa wingi kwenye joto la Dar yanafungia jasho ndani na vipele vinatoka.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza seli mpya zinazojaribu kuziba matundu. Ule muwasho mkali ambao watu husema "inafanya kazi" ni ngozi changa inayokufa. Ndimu, dawa ya meno na majivu sina haja ya kuvieleza. Asali ya chupa uliyoinunua barabarani si ile iliyotayarishwa kwa vidonda hospitalini.

Unga wa kapsuli nauona karibu kila wiki. Kijana amefungua amoksilini au tetrasaikilini, amemwagia, unga umegandamana na majimaji ukawa kama saruji juu ya mchoro. Chini yake usaha. Dawa ile ilitengenezwa ipite tumboni iingie kwenye damu. Juu ya kidonda inaweza kuleta aleji na kuwazoesha bakteria dawa. Nalazimika kuilowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali nusu saa ndipo itoke, na inapotoka hutoka na kipande cha mchoro.

Halafu kuna zile tyubu za krimu za mchanganyiko, zinazouzwa duka la dawa kwa kila tatizo la ngozi kuanzia fangasi hadi chunusi. Nyingi zina steroidi. Steroidi huinyamazisha kinga: wekundu unapungua, unafurahi, kumbe vijidudu vinaendelea kimyakimya. Usizipake bila kuandikiwa.

Bibi yangu anasema nikaiogeshe baharini, chumvi inakausha kidonda.

Mheshimu bibi, lakini baharini usiende. Naijua imani hiyo, nimekulia pwani. Bahari si chumvi na maji peke yake. Katika maji ya chumvi yenye joto huishi bakteria wa aina ya vibrio, na baadhi yao wakipata mlango kwenye ngozi huweza kula nyama kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku 5 baada ya kuchorwa tatuu mguuni. Alikuwa na ugonjwa wa ini uliosababishwa na pombe, na hilo lilimfanya awe dhaifu mbele ya bakteria hao. Alilazwa, akapigania maisha, na baada ya kama miezi 2 akafariki.

Si kila aendaye baharini na tatuu mbichi hufikwa na hayo. Ila kwa wiki 3 au 4, mpaka ngozi ijifunge kabisa, bahari, bwawa la kuogelea, mto na beseni la kulowekea viache. Kuoga kwa kumiminia maji au kwa bafu la mvua hakuna shida.

Inawasha vibaya, na ngozi inabanduka yenye rangi. Tatuu inaondoka?

Haiondoki. Kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi ngozi ya juu hubanduka kama baada ya kuungua na jua, na vipande hutoka na wino uliobaki juu. Mchoro ukifubaa na kuwa kama una ukungu, subiri. Ngozi ikikomaa utarudi. Usibandue kigaga hata kama kimening'inia. Kikiwasha, gonga kwa upole kwa kiganja safi au weka kitambaa safi cha baridi juu ya nguo. Usiku vaa shati safi la pamba lililolegea na badilisha shuka.

Jua nalo likwepe: funika kwa nguo nyepesi au kanga. Krimu ya kukinga jua isubiri ngozi ipone, kisha itumie siku zote, ya SPF 30 au zaidi. Hina na piko visipakwe juu wala jirani. Piko nyingi zina kemikali ya kupakia nywele rangi ambayo hata ngozi isiyo na kidonda huibabua.

Nitajuaje kuwa imeingia vijidudu? Ngozi yangu nyeusi, wekundu siuoni.

Swali zuri, kwa sababu maelezo mengi yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Siku 2 au 3 za kwanza uvimbe kidogo, joto na maumivu kama ya kuungua jua ni kawaida, na kila siku yapungue. Hicho ndicho kipimo: kesho iwe nafuu kuliko leo. Ikirudi nyuma, shtuka.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau, au mng'ao wa ngozi iliyovutika. Usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja juu ya tatuu, kisha sehemu ileile upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, na saa chache baadaye utazame kama umeuvuka. Usaha wa njano au kijani, harufu, mtoki kwapani au kwenye kinena, yote hayo yakulete kituo cha afya siku hiyo. Ukiwa na homa na kutetemeka, mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda, au maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana kwa macho, njoo hata usiku. Usijinunulie antibayotiki; nusu dozi huficha tatizo.

Ilishapona, wiki ya tatu vikatoka vipele ndani ya mchoro.

Njoo vionekane. Vikiwa kwenye rangi moja tu, hasa nyekundu, mara nyingi ni aleji ya wino. Lakini mwishoni mwa mwaka 2011 huko Rochester, New York, watu 19 waliochorwa na mchoraji mmoja walitokwa na vipele vya namna hiyo, na chanzo kilikuwa bakteria waliokuwamo ndani ya wino wa kijivu uliokwisha kuchanganywa tangu kwa mtengenezaji. Bakteria wale hawasikii antibayotiki za kawaida. Usafi wa kwako haukomboi wino mchafu, kwa hiyo ukitafuta mchoraji mwulize anazimua wino kwa kitu gani. Akikuchotea maji ya bomba, ondoka.

Kama ni uvimbe mgumu unaokua kuvuka mpaka wa kidonda, huenda ni keloidi. Kama umewahi kuipata kwenye tundu la heleni au kovu la chanjo, nakushauri usichorwe.

Sina hakika kama sindano ilikuwa mpya.

Usikae nalo moyoni. Kama hazijapita saa 72, nenda kituo cha afya leo uzungumzie dawa za PEP za kuzuia VVU. Hunywewa siku 28. Zikipita, nenda upimwe VVU na homa ya ini B na C, na upewe ratiba ya kurudia vipimo. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda. Kabla ya kuchangia damu waambie umechorwa lini, watakuambia usubiri mpaka lini.

Nimemficha mama. Navaa mikono mirefu inayobana kutwa nzima, itapona?

Itapona kwa shida. Shati linalobana linasugua, linashika jasho, na usiku linaganda na kidonda. Likiganda, liloweshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka liachie lenyewe. Tafuta shati pana la pamba, na ukiwa chumbani peke yako livue mkono upate hewa.

Ninalolihofia zaidi ni kuchelewa. Wanaofichaficha ndio wanaonifikia mkono umeshavimba hadi kwenye kiwiko, kwa sababu walikuwa wanasubiri mama asafiri. Ukihisi mambo yanakwenda kombo, njoo peke yako, au njoo na dada yako. Pale chumbani hatuulizi kwa nini ulichora. Tutakuomba ukunje shati, tupime joto la mwili, tuuoshe mkono, na tuanze tiba.