Matundu ya Mwamba na Samaki Wanaokaa Humo

Mtu anapouliza hali ya mwamba wa matumbawe, jibu analopewa kwa kawaida ni asilimia, yaani sehemu ya sakafu iliyofunikwa na matumbawe hai. Nimeandika ripoti nyingi zenye takwimu hiyo na sijutii, lakini kadiri ninavyohesabu samaki chini ya maji ndivyo ninavyoamini kwamba samaki wengi wakubwa hawajali sana kama tumbawe liko hai au limekufa, mradi bado limesimama na lina tundu la kuwatosha.

Njia ya zamani ya kupima umbo la mwamba ni nyepesi kiasi cha kuchekesha. Mzamiaji hulaza mnyororo juu ya sakafu, akiufuatisha kila mwinuko na kila bonde, kisha hupima kwa futi ya utepe umbali ulionyooka kati ya ncha zake mbili. Mnyororo wa mita 10 ukiishia mita 5 tu kutoka ulipoanzia, uwiano ni 2, na hapo tunasema mwamba umekunjamana vizuri. Uwiano ukikaribia 1, sakafu imelala kama meza. Kwa vipimo vya namna hii mtafiti Michael Risk alionyesha mwaka 1972, katika Visiwa vya Virgin huko Karibi, kwamba aina za samaki huongezeka pale ambapo sakafu ina mikunjo zaidi. Udhaifu wa mnyororo ni kwamba hauingii mapangoni. Unapita juu tu, kwa hiyo mwamba wenye matundu madogo mia moja na mwamba wenye pango moja kubwa huweza kupata uwiano uleule, ingawa samaki wake hawafanani hata kidogo. Siku hizi tunapiga mamia ya picha zinazopishana na kuiachia kompyuta ijenge sura kamili ya mwamba, ambayo inapimika kwa sentimita, ingawa hata kamera haioni kilichojificha nyuma ya ukingo.

Tofauti hiyo ya matundu ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Watafiti Mark Hixon na James Beets walijenga miamba midogo ya matofali ya saruji katika Visiwa hivyohivyo vya Virgin, wakabadilisha idadi na ukubwa wa matundu yake, na mwaka 1993 wakachapisha matokeo ambayo hadi leo nayatumia kufundishia. Samaki walielekea kuchagua matundu yanayokaribiana na ukubwa wa miili yao. Sababu yake inaeleweka kirahisi: tundu pana kuliko samaki humpa hifadhi yeye pamoja na anayemwinda. Palipokuwa na matundu makubwa, wawindaji walikuja kukaa, na samaki wadogo wakapungua. Kwa hiyo mwamba wenye matundu ya ukubwa wa kila aina hulea samaki wa kila umri, kwa kuwa chewa aliyejibanza akiwa na urefu wa kidole atahitaji tundu jingine atakapofikia urefu wa mkono, na asipolipata huhama au huliwa.

Tundu moja pia halina mpangaji mmoja. Jioni, samaki wanaokula mchana huingia kulala, na wale wekundu wenye macho makubwa, ambao walishinda gizani chini ya kingo, hutoka kwenda kuwinda. Ukihesabu mchana tu, kama tunavyofanya wengi wetu kwa sababu za usalama, unakuwa umehesabu nusu ya wakazi wa nyumba. Zaidi ya hayo, mwamba ulioinuka huvunja nguvu ya mkondo: samaki wadogo wanaokula vijidudu vinavyoelea hukusanyika upande unakotokea mkondo, ambako chakula huwafikia, huku kimbilio likiwa hatua chache nyuma yao. Kundi kama hilo halina sababu ya kukaa juu ya sakafu tambarare, hata kama maji yanapita na chakula kilekile.

Hali huwa ngumu kueleweka pale matumbawe yanapopauka kwa joto na kufa. Wanaotoweka kwanza ni vitatange wanaokula nyama ya tumbawe lenyewe, pamoja na makinda ya aina nyingi ambayo huchagua matawi hai ya kutulia. Wengine hubaki, kwa kuwa kiunzi bado kimesimama, na mtu anayepita haraka anaweza kuandika kwamba samaki wamestahimili. Lakini sifongo wanaotoboa, minyoo, pono wanaoparura na mawimbi huanza kazi yao, na baada ya miaka kadhaa matawi huwa changarawe. Shelisheli ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe yake hai katika joto la mwaka 1998. Miaka iliyofuata, watafiti walikuta samaki wadogo wamepungua huku wakubwa wakiwa bado wapo, yaani wazee waliokua zamani wasio na warithi. Kati ya miamba 21 iliyofuatiliwa huko, 12 ilirudi kuwa ya matumbawe na 9 ikageuka kuwa ya mwani, na miamba yenye umbo tata pamoja na iliyo kwenye kina kirefu zaidi ndiyo iliyokuwa na nafasi kubwa ya kurudi.

Katika bahari ya Karibi uwiano wa mnyororo ulishuka kutoka takribani 2.5 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi takribani 1.2 mwaka 2008, baada ya maradhi kuua matumbawe ya matawi. Matawi hayo hukua hata sentimita 10 kwa mwaka, wakati matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita moja, na kwa bahati mbaya yanayokua upesi ndiyo yanayovunjika upesi. Baruti ya kuvulia samaki haingoji miaka: humaliza uhai na umbo kwa mlipuko mmoja.

Ndiyo maana sifurahii sana miamba ya bandia inayotengenezwa kwa makaravati ya saruji. Karavati ni pango moja pana lenye kuta laini. Hukaribisha chewa, wapiga picha hufurahi, na makinda hayapati pa kujificha. Wala sisemi umbo ni kila kitu, kwa sababu nimezamia kwenye miamba yenye mapango ya kupendeza ambayo nyavu na mishipi ilikwisha kuyaacha matupu.

Karatasi yangu ya kuandikia chini ya maji sasa ina safu zaidi kando ya ile ya asilimia: matundu yasiyofika sentimita 5, ya sentimita 5 hadi 15, na yanayozidi hapo. Yenye milango miwili huyaandika peke yake, kwa kuwa samaki anayefuatwa na mkunga ndani ya tundu lisilo na mlango wa pili hana pa kutokea.